Nyama ya Hodi

Hodi alikuwa mbwa wa marehemu mke wa fundi cherehani mmoja, na jina hilo alipewa na marehemu, kwa sababu mgeni hakuwahi kupata nafasi ya kupiga hodi mwenyewe. Ukifika getini, kabla hujafungua kinywa, mbwa alikuwa ameshakusemea. Mama huyo alipofariki, fundi alibaki na vitu vichache vya kushikilia: mashine ya kushonea, picha ukutani, na mbwa huyo mzee aliyeendelea kulala chini ya meza ya kukatia vitambaa, upande ule ule aliokuwa akikaa mama akishona vifungo. Kwa hiyo Hodi alipoanza kuumwa, haikuwa habari ya mbwa tu. Fundi hakusema, si mtu wa kusema, lakini binti yake alijua, na mume wa binti naye alijua, kwamba mbwa huyu akienda, mzee atabaki akizungumza na mashine.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kujikuna. Alijikuna mpaka tumbo likawa jekundu na manyoya ya mgongoni yakang'oka, na choo chake kilikuwa maji matupu. Daktari wa mifugo alimpima, akasema vile vyakula vya punje vya kwenye mfuko mwili wa Hodi unavikataa, kitafutwe kitu kingine. Hapo ndipo mkwe akaingia, kifua mbele.

Mkwe huyu alikuwa na bucha. Si bucha la mchezo: vigae vyeupe mpaka juu, msumeno wa umeme, na chumba cha baridi ambacho mtu mzima anaingia na koti lake. Alikuwa mtu mwema, tuliseme hilo mapema asije akaonewa, ila alikuwa na ugonjwa wa watu wema wengi: akijua jambo nusu, nusu iliyobaki aliijaza mwenyewe kwa sauti kubwa. Kwenye simu yake alikuwa amemwona mtu mmoja mwenye meno meupe kupita kiasi akieleza kwamba mbwa ni mnyama wa porini, kwamba kupikiwa ndiko kunakomuua, na kwamba nyama mbichi na maini na moyo ni dawa ya kila kitu kuanzia ngozi mpaka huzuni. Mwenye bucha aliitazama video hiyo akairudia, akamwonyesha mke wake, akawaonyesha wateja. Maisha yake yote watu walikuwa wakimwendea daktari kwa ushauri na kwake kwa nyama. Sasa kumbe ushauri na nyama ni kitu kimoja, na vyote vinaning'inia kwenye ndoano zake.

Daktari hakumkatalia. Alimwambia wapo mbwa wanaoendelea vizuri na chakula kibichi, mradi kiwe safi na kipangwe sawasawa, lakini kwa mbwa mzee tena mgonjwa kubahatisha hakufai, kwa hiyo kabla ya kuanza arudi amweleze kila kipande kitakachoingia kwenye bakuli. Mwenye bucha alisikia mpaka pale kwenye kuendelea vizuri. Yaliyobaki yaliingia sikio hili yakatokea lile, naye hakurudi.

Na kusema kweli ilianza vizuri. Alifunga nyama ya Hodi kwenye mifuko midogo, akaigandisha, akaipeleka mwenyewe kwa fundi na kuipanga kwenye friji. Haukupita muda mrefu mbwa akaacha kujikuna. Manyoya yakaota, yakang'aa, choo kikawa choo. Fundi alimshika mkwe wake mkono kwa mikono yote miwili, akamwita mwanangu, na mwenye bucha akarudi kazini kichwa kimevimba. Alibandika tangazo dirishani: chakula kibichi cha mbwa, ushauri bure. Watu wakaanza kuja na habari za mbwa wao, huyu ana mapele, yule hashiki mimba, na yeye akawa anawasikiliza huku ameegemea kaunta, akitikisa kichwa polepole kama mtu aliyesomea.

Alikuwa pia na ufundi wake wa ndani. Meno ya Hodi yalikuwa yamelika, mifupa migumu haiwezi, kwa hiyo mwenye bucha alimchagulia nyama laini: ile ya kooni, pale shingo inapokutana na koromeo, ambayo wateja hawaitaki kwa sura yake. Aliikatakata kwa mkono, hakutia kwenye mashine ya kusaga. Hakuna mbwa mwingine aliyekatiwa kwa mkono. Ilikuwa heshima kwa marehemu, na ilikuwa upendo, na hilo ndilo linalouma katika hadithi hii yote.

Baadaye Hodi akabadilika. Alizunguka nyumba nzima bila kutulia, alihema ulimi nje hata kwenye kivuli, alimaliza beseni la maji na kudai jingine. Majirani walicheka wakasema mbwa amerudi ujanani, na mwenye bucha alicheka nao. Halafu mbavu zikaanza kuonekana. Akaongeza nyama, hasa ile laini ya kooni. Mbavu zikazidi. Akaongeza tena. Mbwa alikula kama ana deni na tumbo lake, akapungua kama asiyekula kabisa.

Mtu mwingine angerudi kwa daktari. Mwenye bucha alitumia akili yake. Nyama anaipeleka yeye, anaijua ilivyo nyingi. Mbwa anakonda. Basi nyama haimfikii mbwa. Alipofika hapo akaingiwa na ubaridi, kwa sababu kati ya friji na bakuli kulikuwa na mtu mmoja tu.

Siku moja alipita kwa fundi mchana bila kutarajiwa. Hodi alibweka kwa sauti iliyokatikakatika, lakini mashine ilikuwa kimya na fundi hakuwa barazani, kwa hiyo akaingia mpaka mlango wa jikoni. Akamwona baba mkwe wake ameinama juu ya bakuli la mbwa. Fundi alikuwa anatoa vipande vya nyama kimoja kimoja, anaviweka kwenye sahani ya bati, na alipomaliza akaifunika sahani ile kwa sahani nyingine, akaisukuma nyuma ya sufuria. Kwenye jiko kulikuwa na kikaango, na humo kitu kilikuwa kinanukia. Mwenye bucha alirudi nyuma kimyakimya, akatoka, akaenda zake bila kusalimia.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akamwambia mke wake kwamba baba anajipikia nyama ya Hodi. Mke alimuuliza kama ana hakika. Alimuuliza kama amemuuliza baba mwenyewe. Alisema baba yake ni mtu wa kulala na njaa na kuwaambia watu ameshiba, na kwamba kama kuna jambo, kuna maelezo, na maelezo huwa yanaulizwa. Mwenye bucha alisema yeye hawezi kumuuliza mzee jambo kama hilo, ni utovu wa adabu. Akaona ni afadhali aliweke moyoni, na huko moyoni likakaa likachacha.

Lilitoka siku fundi mwenyewe alipoanzisha mazungumzo. Mwenye bucha alikuwa ameleta mifuko mipya. Barazani alisimama mwalimu mmoja wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi, amekuja kuchukua gauni lake, analigeuza kwenye mwanga kutazama pindo. Fundi, utepe wa kupimia shingoni, alimwambia mkwe wake kwa upole kwamba hali ya Hodi inamtia wasiwasi, anakonda, hajui kama nyama hii inamfaa. Hakuna alichosema zaidi ya hapo. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuamua, hata upole unasikika kama ujanja.

"Baba," alisema mwenye bucha, na sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa, ndipo ikawa mbaya zaidi, "nyama ya mbwa ni ya mbwa. Wewe ukitaka ya kula, mimi ni mwanao. Sema tu nikuletee, hakuna aibu."

Mwalimu aliacha kugeuza gauni. Fundi alimtazama mkwe wake, akaonekana anayarudia maneno yale ndani, moja baada ya jingine, mpaka yakamwingia. Aliutoa utepe shingoni, akauviringisha kidoleni taratibu hadi mwisho, akauweka mezani.

"Nimesikia," alisema.

Mwalimu alikunja gauni haraka haraka, akaaga, akaondoka bila hata kulijaribu. Mwenye bucha naye aliondoka akijiambia kwamba lilikuwa gumu lakini limesemwa, na limesemwa kwa adabu.

Tangu siku hiyo fundi alibadili namna ya kumlisha mbwa. Hakulisha tena jikoni. Kila asubuhi alibeba bakuli mpaka kwenye ngazi ya mbele, kweupe, watu wakipita, akaufungua mfuko akaukung'uta mpaka tone la mwisho la damu, na akakaa pembeni mikono magotini mpaka Hodi alambe bakuli. Majirani waliona ni mapenzi. Mwenye bucha alipita akaona, akaridhika. Alimwambia mke wake kwamba dawa imeingia.

Kisha Hodi akaanguka. Alikuwa anatoka chini ya meza kwenda kunywa maji, miguu ya nyuma ikamwishia nguvu, akalala sakafuni macho wazi, kifua kinapiga kwa kasi hata kwa mbali ulikiona. Fundi alimpigia simu binti yake, na binti akampigia mumewe, na mume akaacha wateja kwenye foleni. Walimzungushia shuka, wakampeleka kwenye gari la kusambazia nyama. Mbwa aliyekuwa akishindikana kunyanyuliwa, mwenye bucha alimwinua peke yake.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, meza ya chuma katikati, na wote watatu waliizunguka. Daktari aliweka kifaa masikioni akasikiliza moyo kwa muda mrefu. Alitoa damu. Alipapasa shingo. Halafu aliuliza mbwa huyu anakula nini, na aelezwe kila kitu, asifichwe. Mwenye bucha alieleza. Alianza kwa kusitasita lakini kadiri alivyoendelea ule ufahari wake ukamrudia: moyo, maini kidogo, mapafu, na kwa sababu ya meno ya mzee huyu, nyama laini ya kooni, nyingi, aliyomkatia kwa mkono.

Daktari alimsimamisha hapo. Alimuuliza kooni wapi, na mwenye bucha akajishika shingo yake mwenyewe kuonyesha. Daktari akavuta kiti, akaeleza bila ukali. Pale pale, ubavuni mwa koromeo, kuna tezi. Tezi hiyo ndiyo inayouamuru mwili uende haraka au polepole. Mbwa akilishwa tezi ya mnyama mwingine kila siku, ni sawa na kumeza dawa ambayo hakuandikiwa: moyo unakimbia hata akiwa amelala, kiu haiishi, na mwili unajila wenyewe. Kila nyama hiyo ilipoongezwa, mbwa alizidi kukonda. Alisema majibu ya damu yatathibitisha, nayo baadaye yalithibitisha. Alisema pia kwamba chakula hicho kikisimamishwa mwili huwa unarudi, lakini huu ni moyo wa mbwa mzee, hawezi kuahidi.

Mwenye bucha alitamani ardhi ipasuke. Aliona tangazo lake dirishani, aliona watu wote alioegemea kaunta mbele yao, na mifuko yao. Lakini lililokuja juu ya yote lilikuwa lile neno alilomwambia mzee, na kwa mara ya kwanza alilisikia jinsi lilivyosikika.

"Kinachonishangaza," daktari aliendelea, akimpapasa Hodi, "ni kwamba kwa kiasi hicho angeanguka zamani sana. Mzee wangu, alikuwa anakimaliza chakula chote?"

Fundi alijibu, macho yake yakiwa kwa mbwa.

"Vile vya kooni, vingine vina gegedu. Vilikuwa vinamkwama, anakohoa. Nikawa navitoa, nawapa paka wa ukuta wa nyuma."

"Ulimwokoa," alisema daktari. "Mbona uliacha?"

Fundi alilaza kiganja juu ya kichwa cha mbwa.

"Niliambiwa nyama ya mbwa ni ya mbwa."

Daktari alidhani ni jibu la kawaida, akaandika. Binti wa fundi alimgeukia mume wake, akamtazama, kisha akatazama ukuta. Mwenye bucha alitoka nje akasimama karibu na gari lake lenye picha ya ng'ombe anayetabasamu, akalia, akijificha asionekane na watu wa barabarani. Sahani ya bati ilikuwa ya paka. Kikaango, mke wake alimwambia baadaye bila kuulizwa, kilikuwa cha mayai.

Hodi hakufa. Alilazwa kwa daktari, kisha akarudi nyumbani na chakula kilichopangwa kwa ratiba, kinachopikwa, na fundi ndiye anayempikia. Polepole mbavu zikafunikwa. Mwenye bucha alitoa tangazo dirishani na kuwaambia wateja wake wa mbwa mmoja mmoja ukweli wa mambo; wengine walimshukuru, wengine walimtukana, na matusi aliyaona ni haki yake. Hilo lilikuwa rahisi. Gumu lilikuwa kupita kwenye lile geti.

Alikwenda hatimaye, mchana, bila kubeba kitu. Hodi alimbwekea. Fundi alimkaribisha akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza alikaa akisugua goti.

"Mimi yamekwisha, mwanangu," alisema. "Lakini hukuniambia peke yangu. Yule mwalimu alikuwa amesimama pale. Mpaka leo hajaleta hata kifungo. Nenda kwake, umwambie yeye."

Mwenye bucha hakungoja hata chai. Njiani alikuwa anapanga maneno, na kadiri alivyoyapanga yaliongezeka, na alipofika shuleni alikuwa ameshajiaminisha kwamba jambo lililosemwa hadharani lazima lifutwe hadharani, vinginevyo si toba. Ulikuwa wakati wa mapumziko. Ofisi ya walimu ilikuwa imejaa, vikombe vya chai juu ya madaftari, na mwalimu yule alikuwa katikati ya meza ndefu. Alipomwona mlangoni uso wake ulibadilika. Aliinuka haraka.

"Kaka, tuzungumze nje," alisema.

Lakini yeye alikuwa amepiga moyo konde. Alisema hapana, mwalimu, nilikosea mbele ya watu, nitajisuta mbele ya watu. Akawageukia walimu wote, akasimama wima.

"Baba mkwe wangu, fundi wa hapo kona, hajawahi kula nyama ya mbwa," alisema. "Mimi ndiye niliyemzulia."

Vikombe vilisimama njiani. Mwalimu mmoja wa kiume aliuliza fundi yupi, na mwenzake akamwambia si yule anayetakiwa kutushonea sare. Mwingine alirudia polepole, nyama ya mbwa, akamnong'oneza jirani yake kitu, na jirani akacheka ndani ya kikombe. Mwenye bucha alimtazama yule mwalimu wa gauni. Alikuwa amefumba macho.

Nje, chini ya dirisha ambalo kicheko kilikuwa kinapitia, mwalimu alizungumza kwa sauti ya chini.

"Sikumwambia mtu. Hata mume wangu. Nilisema aibu ya mzee wa watu ifie kwangu, na nikaacha kwenda pale nisije nikamtia haya. Sasa wamejua wote, umewaambia wewe."

Mwenye bucha alitaka kurudi ndani awaeleze vizuri. Mwalimu alimshika mkono wa shati, akamwomba, tafadhali, asirudi humo.

Alirejea kwa fundi kwa sababu miguu haikujua pengine pa kwenda. Hodi alikuwa amelala mlangoni, akapiga mkia sakafuni mara kadhaa. Fundi aliinua macho kutoka kwenye mashine, na usoni mwake kulikuwa na hofu ambayo mwenye bucha hakuwahi kuiona hapo, hofu ya mtu mzima anayesubiri kusikia watu wanamsema vipi. Alimuuliza kama amemwona mwalimu. Mwenye bucha alisema amemwona. Mzee alimuuliza amesemaje.

"Amesema hakumwambia mtu yeyote," alisema mwenye bucha, na hilo lilikuwa kweli.

"Hata mumewe?"

"Hata mumewe."

Fundi alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetuliwa mzigo mgongoni. Alisema yule mama ana utu. Alisema walimu walimwita zamani aende kuwapima sare zao na yeye akawa anatafuta visingizio, kwa sababu alidhani akiingia tu ofisini watamtazama na kujua. Kumbe alikuwa anajitesa bure. Akainuka, akaanza kupapasa mezani akitafuta utepe, akisema kesho saa ya mapumziko atakwenda, wakiwa wote pamoja, awapime mara moja.

"Baba," alisema mwenye bucha. "Kesho usiende kwanza."

Fundi aligeuka na utepe mkononi, tabasamu bado halijamtoka, akamuuliza kwa nini. Mwenye bucha akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza tangu aliposimama mlangoni mwa ofisi ya walimu.